Mashine Pepe

Mwenyekiti kasema: mfumo mpya tuujaribu,
ila wa zamani usiuguse, Mbarouk,
humo mna pishi za wachumaji za misimu kumi na mmoja
na madeni ya watu kutoka Mtambwe hadi Kojani.
Basi sikubomoa nyumba.
Nikajenga chumba ndani ya chumba,
kompyuta isiyo na bati wala msumari,
imo ndani ya kompyuta kama yai ndani ya kuku.

"Yaitwaje hiyo?" kauliza Shaame, mlinzi.
Mashine pepe, nikamwambia.
Akaiweka chini tochi yake.
"Pepe la mpunga, lisilo na chembe,
au unasema pepo?"
Nikacheka. Nilikuwa sijaiwasha bado.

Mara ya kwanza: skrini nyeusi,
mstari mmoja mweupe. Hakuna cha kuwashia.
Nikalipima lile faili, nikaliona pungufu.
Siku tatu nimelishusha kwa bando la simu,
umeme ukikatika, likikatika, likianza,
mpaka likaniambia limetimia,
kama mtoto anayesema kesha koga
na kisogo kikavu.
Nikalishusha upya. Siku mbili nyengine.

Mara ya pili likakataa hata kuanza.
Nikazima, nikawasha, kidole juu ya kitufe,
nikateremka hadi menyu ile ya buluu
iliyo chini ya kila kitu,
isiyojua Kiswahili wala kipanya,
na huko, mstari wa saba, ruhusa imefungwa.
Imefungwa tangu kiwandani.
Hakuna aliyewahi kwenda kuuliza.

Mara ya tatu ukapanda vizuri,
asilimia thelathini, hamsini,
sitini na nne,
ukaganda.
Shaame, kikombe cha chai mkononi, akaegemea mlango:
"Muulize anataka nini.
Aliyeingia pasipo pake hakosi anachotaka."
Nikafungua daftari la makosa, mistari mia nne ya manung'uniko,
na katikati yake ombi moja tu: kumbukumbu.
Kweli, nilimpa giga moja.
Mgeni nimemlaza kwenye mkeka wa mtoto
kisha namlaumu miguu kutokeza nje.
Nikampa mbili. Mwenyeji akaanza kuhema,
feni ikavuma kama mashine ya kukunia nazi.
Nikamnyang'anya nusu. Giga moja na nusu, basi.
Wakatulia wote wawili, kama wake wenza wa jiko moja,
hakuna aliyeridhika.

Asilimia mia. Washa upya, ukasema.
Nikawasha upya.
Karibu. Chagua lugha.
Nikachagua. Nchi, jina, neno la siri. Asilimia mia. Washa upya.
Karibu. Chagua lugha.
Mara nne, wallahi,
nimekaribishwa mara nne katika nyumba niliyoijenga mwenyewe,
na kila mara kama hatujawahi kuonana.

Uani Shaame alikuwa anamfukuza paka.
Anamtoa mbele, paka anazunguka,
anamkuta tena juu ya meza ya mizani.
"Mlango wa jikoni!" akapiga kelele, akijikaripia mwenyewe.
"Nimeuacha wazi mlango wa jikoni!"

Nikageuka nikautazama ukurasa wa mipangilio.
Ile diski ya kusakinishia bado imo,
diski ya kudhania katika tundu la kudhania,
na mfumo kila ukiamka unaiona hiyo kwanza
ukadhani ndiyo kwanza unazaliwa.
Nikaitoa. Bofya moja.
Siku tano, kisha bofya moja.

Ukaamka. Safari hii haukunikaribisha,
ulinijua jina.
Pembeni, saa yake: tano usiku.
Ya ukutani kwetu ilikuwa nane, Shaame anasinzia,
paka yuko nje kwa sasa.
Masaa matatu nyuma. Mahali fulani duniani,
mahali ambapo mgeni wangu alidhani amefikia,
ilikuwa bado jana.

Ningeirekebisha pale pale. Nikaiacha kidogo.
Chini yake dirisha la zamani lipo wazi,
Khatib Faki, pishi tisa, hajalipwa,
halijaguswa hata herufi.

Kisha nikaagiza ichapwe karatasi moja ya kujaribia,
na printa ikakaa kimya.
Haimjui.
Nikazima taa. Hilo ni la kesho,
yaani la leo.